Utepe Kwenye Pikipiki ya Tabo

Pale Bunju, hatua thelathini kutoka barabara ya Bagamoyo, kati ya gereji ya Shomari na banda la chipsi, kuna benchi la mbao lililokalia matairi mawili ya fuso. Wenyewe hupaita Bunge Dogo, na kanuni yao ni moja tu: kikao hufunguliwa Bi Mwanaasha, muuza kahawa na kashata, anapotua birika lake, na hufungwa birika likikauka, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Wabunge wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni Mwalimu Revelian, mstaafu wa fizikia, jina la kijiweni Presha, kwa sababu kila jambo hulieleza kwa presha na yeye mwenyewe anayo. Wa pili ni Talha, aitwaye Dunia, aliyewahi kupika melini safari mbili na tangu hapo hakuna nchi asiyoijua, ingawa wanaomfahamu vizuri wanasema meli yenyewe iliishia Komoro. Wa tatu ni Brightson, katibu wa kamati zote za harusi kuanzia hapo mpaka Mapinga, mtu asiyeweza kuomba sukari bila kwanza kutambua uwepo wa wageni waalikwa. Huyo wanamwita Itifaki.

Shomari si mbunge. Yeye ni fundi pikipiki, na benchi lilianzishwa mlangoni kwake bila kuulizwa. Lakini Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa amebanwa katikati yao na kikombe cha kahawa ambacho hakuwa amekigusa, akiitazama kazi ya mikono yake: Kawasaki ya tabo, ya mwaka themanini na nne, nyekundu, imesimama juu ya stendi yake kubwa ikiangalia ukuta wa gereji.

Ilifika miaka mitatu nyuma juu ya mkokoteni, imejaa kutu, na kuku alikuwa ametagia kwenye siti. Ilikuwa ya marehemu Erasmus. Mjane wake, mama Kokushubila, aliikabidhi kwa maneno machache: “Fundi, nataka niisikie tena.” Basi Shomari akaifumua yote na kuianza upya. Pistoni ziliagizwa Japani zikakaa njiani miezi saba. Bushi zilichongwa mjini, mtaa wa Gerezani. Siti ilishonwa na fundi masofa, ndiyo maana ina vifungo. Geji ya tabo haikupatikana popote, akafunga ya kompresa ya kujazia matairi upepo. Wiki mbili zilizopita ikawaka, tena vizuri, ila haikupiga mluzi.

Mluzi ndio ulikuwa shida yote. Tabo ni kile kidude chenye umbo la konokono kinachoshindilia hewa ndani ya injini, na cha Erasmus kilikuwa kikifanya kazi kinapiga mluzi mwembamba ambao watu wa zamani wa Bunju wanaukumbuka mpaka leo. Albano, mdogo wa marehemu, aliiona video ya pikipiki ikiwaka kwenye grupu la familia na Jumapili iliyopita akampigia Shomari simu. Alisema mashine ya kaka yake inaguna kama ya kusaga mahindi, maana yake tabo imeuzwa na kilichobaki ni kasha tupu. Alisema Jumamosi saa kumi watakuja, na isipolia watatoka hapo kwenda polisi. Kuifungua tabo aonyeshe kilichomo haikuwezekana, maana gasketi ilikuwa moja tu na ikishabanduliwa haifai tena. Shomari alikuwa na miaka kumi na minane katika ufundi na hajawahi kuiba hata nati ya mtu. Neno mwizi lilimkaa kifuani wiki nzima, hakula vizuri wala hakulala vizuri.

— Mwalimu, hebu rudia mahesabu, — akasema. — Zimebaki dakika hamsini.

— Mahesabu nimeshapiga, kijana wangu, — Presha akajibu. — Tatizo ni hewa. Hewa ya huku ina joto, ina chumvi, ina moshi wa chipsi. Tabo inaomba hewa, sisi tunaipa supu. Wewe unaweza kupiga mluzi na supu mdomoni?

— Mie siwezi, — akasema Bi Mwanaasha akimimina, — lakini mie si pikipiki.

— Sasa tufanyeje? — Shomari akauliza.

— Tuipoze. Hewa ikipoa inajikusanya, ikijikusanya presha inapanda, presha ikipanda inalia. Somo la kidato cha pili hilo.

Barafu ya kawaida ilikuwa imekwisha dukani. Zilizobaki ni barafu za ukwaju, zile za watoto, kwenye vipakiti. Wakanunua kumi na mbili, wakazifunga kuzunguka bomba la tabo kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, Presha akisimamia kama yuko maabara.

— Utepe jamani! — Itifaki akapiga kelele. — Msiuloweshe utepe!

Maana kulikuwa na utepe. Ulitoka kwenye usukani, ukapita juu ya siti yenye vifungo, ukafungwa kwenye kekeria ya mizigo nyuma, rangi ya bluu, na ua kubwa katikati. Bunge Dogo lilikuwa limejigeuza Kamati ya Pikipiki tangu mwezi Machi, na Itifaki akiwa katibu alikuwa ameandika ratiba ya uzinduzi: kuwasili kwa wageni, utambulisho, risala, pikipiki kulia kwa dakika tatu, mgeni rasmi kukata utepe, pikipiki kupandwa, neno la shukrani. Mgeni rasmi alikuwa mjumbe wa shina, na mkasi alikuwa nao yeye.

Shomari akabonyeza selfu, kitufe cha kuwashia. Injini ikawaka mara moja. Akapiga resi, akapiga nyingine kubwa zaidi, hadi vikombe vikacheza benchini. Mshale wa geji haukuinuka hata unywele mmoja.

— Imelia? — akauliza Presha, ambaye masikio yake si ya kutegemea.

— Imenukia, — akasema Bi Mwanaasha.

Ni kweli. Juisi ya ukwaju ilikuwa inachuruzika kwenye bomba la moto, na nzi wa Bunju nzima walishapata taarifa.

— Nyie mnahangaika na mambo ya friji, — akasema Dunia, akikunja suruali kama mtu anayejiandaa kuvuka maji. — Ishu ni ikweta.

— Ikweta imefanyaje?

— Japani iko juu ya mstari, sie tuko chini. Kule upepo unazunguka hivi, huku unazunguka hivi. Mie nimeyaona melini kwa macho yangu. Tukifika kwenye mstari, maji ya sinki yanasimama kwanza, yanafikiria, halafu yanageuka.

— Melini si mlikwendaga Komoro? — Itifaki akauliza.

— Kulikuwa na dharura, tukazunguka.

— Komoro iko kusini, — Presha akasema. — Hamkuvuka ikweta yoyote.

— Mwalimu, wewe ikweta umeiona kwenye ramani. Mie nimeilalia.

Dunia akaendelea kwa sauti ya ushindi.

— Tabo ya watu inataka kuzunguka kulia. Upepo wetu unaingia unazunguka kushoto. Vinakutana mlangoni, hakuna anayempisha mwenzie. Ndo kimya hicho mnachokisikia.

— Kinadharia haliko mbali sana, — Presha akakiri kwa shida.

— Dawa yake ni nini? — Shomari akauliza. Aliona aibu kuuliza, lakini saa ilikuwa inakwenda.

— Dawa ziko mbili. Ya kwanza tuipeleke Uganda, kule mstari wameuchora kabisa barabarani, tuivushe tuirudishe.

— Kwa dakika arobaini?

— Ya pili, tuigeuze iangalie kwao.

Wanaume watatu wakaishika. Pikipiki ile ina uzito wa ng'ombe, na ng'ombe angalau anasaidia kutembea. Wakaigeuza kutoka ukutani mpaka ikaangalia Mapinga, yaani kaskazini, Itifaki akishika ua la utepe kwa vidole viwili kama mama anayeshika shela la bibi harusi. Shomari akawasha, akapiga resi. Hakuna.

— Hiyo ni kaskazini ya Bagamoyo, — Dunia akaeleza. — Kaskazini ya Japani iko hapo, kwenye chipsi.

Wakaigeuza tena. Stanley, mwenye banda la chipsi, akatoka na kijiko chake cha kukaangia na kusema kwamba yeye hana ugomvi na Japani, lakini mteja wake anakula mayai, na akitishwa na kelele zile mara moja zaidi anamrudishia sahani. Wakairudisha iangalie Mapinga, na wote wakakaa wanahema. Presha alijipima mapigo ya moyo kwa kidole.

Saa kumi kasoro robo. Bi Mwanaasha akalitikisa birika, akasikiliza, akasema limebaki la vikombe vichache.

— Mie ningekuwa nyie ningeiacha, — akaongeza. — Hiyo imefiwa.

— Nani, pikipiki?

— Imempoteza bwana wake. Iko eda.

— Eda ni ya wanawake, Bi Mwanaasha, — akasema Presha. — Nani kakwambia hiyo ni mwanamke?

— Mwanaume gani anakaa ndani miaka mitatu anapambwa tu?

Wabunge wakaigeukia siti yenye vifungo, wakaikagua upya.

— Haya, tufanye ni mwanamke, — akasema Dunia. — Eda si miezi minne na siku kumi? Mzee Erasmus ana miaka sita kaburini.

— Ya kwetu ndo miezi minne. Ya Kijapani mie sijui urefu wake. We si ndo umetembea?

Dunia akatazama mbali.

— Ni ndefu, — akakiri.

Itifaki akasimama, akafunga kifungo cha shati.

— Waheshimiwa, itifaki imezingatiwa. Mie naona tunaionea injini bure. Hii mashine ni mgeni, imetoka kwa watu wa heshima, wale wakisalimiana wanainama mpaka chini. Tangu ifike hapa, nani amewahi kuitambulisha? Nani kaiambia hapa ni Bunju, huyu ndo fundi, huyu ndo Mwalimu? Sasa inapigaje mluzi mbele ya wakubwa isiowajua?

Akatoa mfukoni karatasi nne, akainama mbele ya taa ya pikipiki, akaanza kuisomea risala. Alifika ukurasa wa pili, kwenye changamoto zinazoikabili kamati, Shomari akashindwa kuvumilia na kuwasha. Hakuna.

Ukweli ni kwamba tangu wiki mbili zilizopita kulikuwa na kitu akilini mwa Shomari kilichotaka kusema neno, na kila kilipofungua mdomo, yeye alishika spana akaanza kugonga. Hakutaka kukisikia. Alipokuwa kijana alipanda pikipiki kubwa ya tajiri mmoja, ikamtupa mtaroni na kumlaza wodini wiki tano, na tangu hapo yeye hupanda bodaboda tu, taratibu, miguu ikikaribia kugusa chini. Hakuna aliyejua. Kamati ilipopitisha kwamba pikipiki isipandwe na mtu yeyote kabla ya uzinduzi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, tena yote miwili.

Saa kumi kamili teksi ikasimama. Akateremka mama Kokushubila, mwanamke mrefu wa miaka sitini na ushee, ana kikapu kilichofunikwa kitenge. Nyuma yake Albano, kofia ya pama kichwani, faili kwapani.

— Shikamoo mama, — Shomari akasema, akifuta mikono kwenye suruali.

— Marahaba, baba. Poleni na kazi.

Albano hakusalimia.

— Washa.

Shomari akawasha, akapiga resi tatu. Injini ilinguruma safi, lakini mluzi haukutoka.

— Mmesikia? — Albano akauliza. — Hamjasikia. Basi na mimi ndicho nilichosema. Shemeji, turudi kwenye gari.

Hapo Bunge Dogo likainuka lote kwa mpigo kumtetea fundi, na ingekuwa afadhali lingekaa kimya. Presha alieleza supu. Dunia aliichora ikweta mchangani kwa kidole cha mguu. Itifaki aliomba radhi kwamba wageni wameingia kabla ya muda uliopangwa kwenye ratiba, na Bi Mwanaasha akampa mjane pole kwa eda ya pikipiki. Shomari alisimama katikati yao akitamani ardhi ipasuke immeze na spana zake.

Mama Kokushubila aliwasikiliza wote bila kumkatisha mtu. Aliizunguka pikipiki, akagusa vifungo vya siti, akatabasamu. Akainama kwenye bomba.

— Mbona inanuka ukwaju?

Presha akaanza kufukuza nzi.

— Haya, — akasema. — Mmeipanda?

— Samahani mama, — Itifaki akasema, — swali lako linalenga hasa nini?

— Nauliza tangu iwake, nani ameipanda ikatembea?

Presha akamtazama Dunia. Dunia akaufuta mstari wake wa ikweta. Stanley, ambaye alishaacha chipsi zinaungua ili asikilize, akajikuna kichwa kwa kijiko.

— Haijapandwa, — Itifaki akasema, — kwa sababu haijazinduliwa.

— Itazinduliwa lini?

— Ikishalia, mama. Iko kwenye ratiba.

— Na huwa inalia ikiwa inafanya nini?

Itifaki akaangalia ratiba, akageuza karatasi upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu.

— Marehemu alikuwa anaiegesha pale nyumbani, anapiga resi asubuhi, — mama Kokushubila akasema. — Ilikuwa inaguna hivihivi, majirani wanatukana. Ilikuwa inalia tukishapita nyumba za mwisho, gia ya tatu, amevuta mafuta yote, na mimi nimemshika hapa kiunoni. Ikiwa imesimama, inabeba nini hata ilie?

Macho yote yakamgeukia fundi. Kile kitu akilini mwa Shomari hatimaye kikasema neno lake, na lilikuwa hilohilo: tabo hailii bila mzigo.

— Mama, — akasema, — tabo sijaiuza. Ila kuipanda... mie naiogopa.

Alidhani watacheka.

— Hata yeye alikuwa anaiogopa, — mama akajibu. — Ndiyo maana alikuwa hapandi bila mimi. Mkasi uko wapi?

— Mkasi anao mgeni rasmi, na hajafika, — Itifaki akanong'ona.

Bi Mwanaasha akafuta kisu chake cha kukatia kashata kwenye kanga, akamkabidhi mjane. Utepe ukakatika, ua likaanguka kwenye ukwaju, Itifaki akageuka upande ili asione. Mama Kokushubila akafunua kitenge cha kikapu. Juu ya ndizi zake zilikaa helmeti mbili kuukuu, nyekundu, zimefutwa vumbi siku hiyohiyo. Moja akavaa, moja akampa Shomari.

— Shemeji, huyu kasema anaogopa, — Albano akalalamika. — Akikuangusha?

— Nimeshaanguka nayo mara mbili. Napajua pa kuangukia. Panda, baba.

Shomari akapanda. Klachi akaiachia ghafla mno. Mara ya kwanza ikazima. Mara ya pili ikaruka kama mbuzi, ikazima. Mara ya tatu wakaingia barabarani na kuelekea Mapinga, taratibu, bodaboda zikiwapita na kuwapigia honi. Gia ya pili. Nyumba zikapungua, barabara ikanyooka, na sauti ya mama ikamfikia sikioni.

— Sasa vuta. Vuta, usihurumie!

Akavuta. Kwanza haikutokea kitu. Halafu mshale wa geji ya kompresa ukaanza kuinuka, na kutoka chini ya magoti yake ukaja mluzi, mwembamba, kama wa birika la chai lililosahaulika jikoni, ukazidi na kuzidi mpaka pikipiki ikawachukua yenyewe. Shomari alikuwa anaogopa kuliko siku zote za maisha yake, na alikuwa anacheka. Mikono iliyomshika kiunoni ikakaza. Nyuma yake mama Kokushubila alikuwa analia kwa sauti, bila kujificha, kwa vile upepo ulikuwa unaibeba.

— Ndiyo yenyewe! — akasema. — Usipunguze!

Walirudi baada ya robo saa. Bunge Dogo lilikuwa limesimama ukingoni mwa barabara.

— Imelia, — Shomari akasema.

— Mlikuwa mnaelekea wapi? — Dunia akauliza haraka.

— Mapinga.

— Kaskazini! Si nilisema? Si nilisema jamani?

— Na bomba lilikuwa limeshapoa na ukwaju, — akasema Presha. — Andikeni hilo.

— Utepe umekatwa, ikalia, — Itifaki akasema. — Mie sina la kuongeza.

— Mjane katoka naye, eda imekwisha, — akasema Bi Mwanaasha, akiendelea kufunga kashata zake.

Albano peke yake alikuwa hajasogea. Alikumbatia faili lake.

— Mimi sijasikia kitu. Imelia huko mbali mko wawili. Nitajuaje?

Mama Kokushubila akavua helmeti yake, akampa.

— Panda wewe, shemeji.

Albano akaitazama helmeti, akamtazama fundi aliyemwita mwizi, akatafuta pa kuweka faili. Stanley akampokea. Akavaa helmeti, kofia ya pama akaibana kwapani, akapanda nyuma. Mwanzo alishika kekeria kwa mikono miwili ili asimguse Shomari. Lakini kekeria ile ilikuwa ya kubebea mkoba, na kabla hawajamaliza gia ya kwanza watu wa benchi walimwona amemkumbatia fundi kiunoni na kumlalia mgongoni, kofia ya pama ikibingirika kuelekea banda la chipsi.

Safari hii upepo ulikuwa umegeuka. Kutoka mbali, nyuma ya nyumba za mwisho, Bunge Dogo lilisikia mluzi kwa masikio yake, hata Presha.

Waliporudi Albano alishuka kwa kusaidiwa. Alikaa kwenye benchi, akapokea faili lake kwa Stanley.

— Ipo, — akasema. — Tabo ipo. Fundi, nisamehe. Nilikuvunjia heshima.

— Yameisha, — Shomari akasema, na alipolisema aliona kifua chake kimekuwa chepesi.

— Mama, nipe kahawa, — Albano akamwomba Bi Mwanaasha. — Nipe chungu kabisa.

Bi Mwanaasha akaliinua birika, akalipindua mbele ya wote. Halikutoka hata tone.

— Kikao kimefungwa, — akasema, akajitwisha beseni lake la kashata.

Wabunge wakaanza kukung'uta suruali zao. Kwenye benchi kilibaki kikombe kimoja tu, cha Shomari, kimejaa vilevile tangu saa tisa, kimepoa. Akakichukua, akanywa nusu, akampa Albano iliyobaki.